Mama Salim Hana Akaunti

Jumanne, 13 Januari

Leo tena nimewafungulia Wazungu benki zao. Bila mie Ulaya nzima ingeshinda na pesa zake mfukoni. Sisemi kwa kujisifu. Ndivyo ilivyo.

Chai, mkate wa jana, kisha kazini. Kazini ni ukumbini kwa dada yangu Zuwena, hapa hapa Wete. Meza moja, kompyuta mbili. Moja ya Raya, moja yangu. Raya ni binti wa Zuwena. Yeye anaandika programu, mie naingiza majina. Watu hudhani kuandika programu ndiyo kazi ngumu. Hawajawahi kuingiza majina.

Niiandike hapa habari yenyewe, maana nikifa wataipotosha. Kuna programu ya kuendeshea biashara. Mauzo, stoo, mishahara, mahesabu. Haina mwenyewe. Imeachwa wazi, anayetaka huitazama ndani, huichukua bure, akaitengeneza, na alichotengeneza huwarudishia wenzake. Waundaji wake wametapakaa dunia nzima, hawajuani kwa sura. Ilikuwa na pengo: haijui kulipa kwa utaratibu wa benki za Ulaya. Kule nchi nyingi, lakini benki zimekubaliana namna moja ya kutumiana pesa. Faili la aina moja, kila kitu na mahali pake. Kimoja kikikaa upande, faili zima linarudishwa. Pengo hilo kalichukua Raya. Anaziba tangu mwaka jana.

Likikubaliwa watamwajiri alisimamie, akiwa hapa nyumbani. Lisipokubaliwa anarudi Dar, kwenye ofisi aliyotoka. Wamemshikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi huu.

Na Zuwena yumo chumbani. Upande mmoja wa mwili hauna habari naye tangu kiharusi. Raya ndiye anayemgeuza, anayemwosha, anayemlisha. Raya akenda Dar, nabaki mie.

Hilo siliandiki zaidi.

Alhamisi, 15 Januari

Majina kutwa.

Wapemba walioko Ulaya wana chama cha kuzikana. Kila mwezi ada, mtu akifa chama kinagharimia mazishi. Ndio waliokubali kuijaribu kazi ya Raya kwa pesa za kweli. Wakiridhika, Bi Ingrid ataipokea. Bi Ingrid ni Mzungu anayekagua kazi za wenziwe kabla hazijaingia kwenye programu. Hana mzaha. Mtu mwingine hurefusha salamu, yeye huanza na kosa.

Fomu za wanachama zinakuja picha, mwandiko wa mkono, mie nachapa. Akaunti zao Raya mwenyewe haruhusiwi kuziona. Siri za watu. Wanaoziona ni wawili tu duniani: Hafidh, mweka hazina wa chama, aliyeko huko, na mie. Waziri wa fedha hajapewa heshima hino.

Namba ya akaunti ndefu kama tasbihi. Ukikosea tarakimu moja panakuja wekundu, mashine inakataa. Jina halina wekundu. Andika utakavyo, mashine imenyamaza. Raya kanambia mara ngapi sijui, jina liandikwe kama lilivyo kwenye fomu. Nikamwambia mimi shule niliiacha mapema kwa sababu haikuwa na cha kunifunza tena.

Jioni barazani. Shaibu, muuza vitambaa, akaanza. "Yakhe Seif, hilo shati ndilo ulilopewa na benki ya Ulaya? Mbona halina kola?" Wakacheka. Nikawapa habari ya Tanga, nilipoingia benki kubadilisha noti, nikamkuta meneja amekosea hesabu ya mwaka mzima, nikamsahihishia kwa kichwa. Alinishika mkono nisitoke. Kiti chake alinipa. Nilikataa kwa sababu ya mbu.

Wakanyamaza. Shaibu alikuwa akitazama simu.

Jumatatu, 19 Januari

Ada ya kwanza imekatwa. Kule benki haikati senti ya mtu bila idhini aliyoitia sahihi, na kila idhini ina tarehe na namba yake. Raya ameyapanga yote hayo ndani ya lile faili. Faili likaenda. Halikurudi. Pesa zikaingia.

Raya akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Kisha akaenda kumwambia mama yake. Zuwena alicheka kwa nusu ya mdomo.

Nimepita sokoni kuwatangazia. Nimewaambia kazi yetu. Kwa wengine nimesema kazi yangu, ili wasichanganyikiwe.

Jumatano, 21 Januari

Tanzia. Omar Hamad wa Mgogoni kafa huko huko Ulaya. Moyo. Alikwenda kazini mzima.

Nimeumia. Omar nikimjua. Alikuwa mtu wa kutuma salamu, anataja jina la kila mmoja.

Utaratibu wa chama: pesa za mazishi zinaingia kwenye akaunti ya mke, yeye ndiye anayelipa watu wa maziko na kaburi. Hafidh atatuma kwa programu yetu. Malipo ya kwanza ya kutoka. Bi Ingrid anangojea kuyaona.

Nikaenda kuangalia kama kila kitu kiko sawa. Nikawakuta wamekaa pale kwenye orodha, Omar Hamad Faki, Maryam Bakari Juma, majina matupu kama ya watoto wa darasani wanaoitwa mahudhurio. Mtu kafa. Mke yumo edani. Mama yetu alitufunza, mwanamke akifiwa na mume jina lake halitupwi mbele ya wanaume. Watu humwita kwa mwanawe.

Nikatia Marehemu mbele ya jina la Omar. La mke nikalifuta, nikaandika Mama Salim. Salim ndiye mtoto wao mkubwa.

Nikaona moyo umetulia. Heshima kitu kidogo, lakini si kila mtu anayo. Raya alikuwa anamwosha mama yake. Sikumsumbua.

Ijumaa, 23 Januari

Malipo yamekwama.

Hafidh alipiga simu watu wakijitayarisha kwenda msikitini. Alikuwa anahema. Benki inasema jina na akaunti havilingani. Onyo jekundu. Wezi wa mitandaoni wamejaa, yeye hatii kidole cha kuidhinisha. Na msaidizi wake, ambaye lazima atie kidole cha pili, ndiye kakataa kabisa. Kisha akakata simu, anakimbilia kwa watu wa maziko kuwaomba wazike kwa ahadi.

Raya akakaa chini. Kumbe benki siku hizi hawatumi tu. Kwanza wanaiuliza benki ya pili: akaunti hii ya nani? Jibu likija tofauti wanamwonya anayelipa. Raya anafikiri kosa ni lake. Anafikiri faili lake limechukua jina la mtu mmoja likalitia mahali pa mwingine. Jina lenyewe haruhusiwi kuliona. Amemwandikia Hafidh kumuuliza limetoka jina gani. Hafidh hajajibu.

Nikamkumbuka Mama Salim. Nikanywa maji. Nikamwambia mashine ni kama punda, leo anakataa kesho anakwenda.

Nikachukua kofia, nikaenda msikitini.

Jumamosi, 24 Januari

Nimekwenda Mgogoni kwenye matanga. Nilitia ubani, pesa ya rambirambi, kwenye bahasha, nikavaa kanzu.

Wanaume wamekaa nje kwenye majamvi. Nikasalimia, nikashika mikono, nikakaa karibu na Mzee Faki, kaka wa marehemu. Nikamuuliza wamezika saa ngapi kwa huko.

Hawajazika. Maiti imo kwenye jokofu. Ilikuwa izikwe leo baada ya adhuhuri, watu walikwisha kuomba ruhusa makazini. Kule kaburi halifunguliwi mpaka pesa iwe imeingia. Na benki zimekwisha kufungwa, mpaka Jumatatu. Mzee Faki alisema haya taratibu, hakumlaumu mtu. Kitambaa cha kufutia macho kilikuwa mkononi, hakukitumia.

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Wanasema ni programu ya Wete."

Wote wakanitazama. Nani asiyejua kuwa programu ni yangu? Nimesema mwenyewe, harusini, sokoni, msibani, kila penye watu watatu.

Nikasema, "Mie nachapa tu. Mwenye programu ni Raya."

Mzee Faki akaitikia kwa kichwa. Akanisogezea kahawa. Sikuweza kuinywa.

Nimemtupa mtoto wa dada yangu mbele ya watu. Nimeandika ili nilione lilivyo.

Jumapili, 25 Januari

Raya anapitia kazi yake mstari kwa mstari. Hajala tangu jana. Amejaribu kwa majina ya uongo, kila jina linakaa mahali pake. Anajaribu tena. Anasema kama haoni kosa basi kosa ni kubwa kuliko alivyodhani. Bi Ingrid ameandika maneno machache tu: kazi isimame mpaka ijulikane.

Nikatoka kununua samaki. Nikarudi bila samaki.

Nilipoingia nikaona begi la safari limeteremshwa kutoka juu ya kabati. Limefutwa vumbi. Chumbani Raya alikuwa anamwonyesha mama yake chupa za dawa, ipi asubuhi, ipi usiku, polepole, kama anayemfunza mtu mwingine kupitia yeye. Zuwena anatazama dari.

Nikamwita Raya ukumbini. Nikamwambia. Nikamwambia yote, Marehemu, Mama Salim, na lile la jana Mgogoni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Mjomba," akasema, "tangu Ijumaa ulijua?"

"Tangu Ijumaa."

"Na mimi natafuta kosa kwangu."

Nikasema nilikuwa natia heshima. Akasema, "Heshima naijua, Mjomba. Nauliza siku mbili hizi."

Akanipa simu yake nizungumze na Hafidh mwenyewe. Safari hii alipokea. Nikamweleza. Halafu akapasuka: "Mzee Seif! Mama Salim hana akaunti! Mwenye akaunti Maryam! Nimekaa siku mbili naapa kuna mwizi, kumbe ni adabu zako?" Nikasema ndiyo. Akasema laiti angekuwa karibu angenikaba, kisha akaanza kulia. Ametoka kumwona Omar kwenye jokofu.

Nimerudisha jina kama lilivyo kwenye fomu. Herufi moja moja, nikilisoma kwa sauti, Hafidh akilifuata huko. Maryam Bakari Juma. Nililiomba radhi moyoni. Jina zuri, na nililifuta.

Jumatatu, 26 Januari

Benki zimefunguliwa. Jina limelingana. Vidole viwili vimetiwa. Pesa zimefika mchana.

Raya ameniambia hivyo tu. Amerudi kwenye kazi yake.

Jumanne, 27 Januari

Wamemzika Omar. Hafidh ametuma picha ya udongo mweusi, umelowa, watu wamevaa makoti.

Nimekwenda Mgogoni tena. Sikuwa na bahasha. Nilimkuta Mzee Faki na wale wale wanaume. Nikasimama, sikukaa. Nikasema programu ya Raya haikuwa na kosa, aliyekosea ni mie, nilibadili jina la mke wa marehemu, na juzi nilipokaa hapa nilijua.

Mtu mmoja alikohoa.

Mzee Faki akauliza, "Kwa nini ulilibadili?"

"Yumo edani. Niliona vibaya kumtaja."

Akafikiri. "Ukamsitiri mpaka na pesa yake isimwone."

Mmoja akacheka kwa pua, akajizuia. Mzee Faki hakucheka. Akasema, "Kaa, Seif. Ndugu yangu amelala siku sita kwenye barafu. Hilo siwezi kukwambia si kitu. Lakini kaa."

Nikakaa. Kahawa niliinywa, ilikuwa imepoa.

Njiani kurudi watu walinisimamisha kuuliza habari za Ulaya. Nikasema sina.

Alhamisi, 29 Januari

Barua ya Bi Ingrid. Raya alinisomea akitafsiri.

Hajaipokea kazi. Anasema hasira hana na mchapaji. Mchapaji ni mtu, na mtu atafanya ya watu. Anachouliza ni hiki: imekuwaje mtu mmoja aweze kubadili jina la anayesubiri kulipwa, na asijue mwingine yeyote? Leo kabadili mwenye adabu. Kesho je? Raya airekebishe. Baada ya hapo ataitazama.

Nilidhani Raya atavunjika. Alisema, "Ana haki." Akafunga mlango wa ukumbi.

Kisha akaufungua. Akaniita. Akaniuliza, huku kwetu, mtu anaweza kuitwa namna ngapi? Sikuelewa. Akasema hataki kuwakataza watu heshima yao. Anataka ipate mahali pake pa kukaa, ili isiingie pasipo pake.

Nikamhesabia. Bi. Mzee. Shehe. Bi Mkubwa. Hajjati. Mama fulani, Baba fulani. Bibi Harusi, na yule anayebaki na jina hilo mpaka uzee. Marehemu. Anayeitwa kwa kijiji chake. Anayeitwa kwa kazi aliyokwisha kuiacha. Zuwena alikuwa anasikiliza kule ndani, akatoa sauti. Raya akaenda. Alirudi akasema mama anakumbusha: na yule asiyeitwa, anayesemwa "yule wa nyumba ile".

Raya aliandika kutwa. Sasa kila mwanachama ana vyumba viwili vya jina. Kimoja jina la kwenye akaunti. Hilo ndilo linalokwenda benki, na akilibadilisha mmoja lazima wa pili aone na akubali, malipo yanangojea. Kingine jina la kuitwa. Hilo ni la barua, risiti, tanzia. Benki hailioni kabisa.

Ijumaa, 30 Januari

Raya kanikalisha kwenye kompyuta. Kanambia, "Haribu."

Nimejaribu. Nimetia Marehemu kwenye jina la akaunti, ikanizuia. Nimetia Mama fulani, ikanizuia. Nikafuta, nikatoka, nikaingia kwa mlango mwingine, nikajifanya mjinga, nikajifanya mjuaji. Kila mara inaniambia ningoje mtu wa pili. Palibaki mahali pamoja tu: nilipopitia kwenye kunakili mwanachama wa zamani, haikuuliza. Raya akaruka kwenye kiti. Akapaziba hapo hapo.

Alisema ahsante, Mjomba. Hajanambia hivyo tangu Jumapili.

Ametuma. Kesho ndiyo siku ya Dar. Begi bado liko chini.

Jumamosi, 31 Januari

Bi Ingrid ameipokea. Siku ya mapumziko yake, na amekaa akaitazama. Ameandika mistari miwili. Wa kwanza, kazi imeingia. Wa pili, vile vyumba viwili vya majina atawashauri wenziwe waviweke na kwenye sehemu nyingine za programu.

Raya aliwapigia watu wa Dar akawaambia asante, haji. Alipokata simu akaingia chumbani kwa mama yake.

Barazani leo sikwenda.

Jumapili, 1 Februari

Mvua ndogo asubuhi. Raya amepika uji, amemlisha mama yake, amemgeuza. Begi limerudi juu ya kabati.

Ameniambia waundaji wa programu huweka majina ya wote waliotia mkono kwenye kazi. Anataka na langu liwemo, kwa kule kuharibu. Nimefurahi. Nikamwambia aandike Seif, na mbele yake aweke Mzee. Akatabasamu. Akasema hapo hawataki la kuitwa. Wanataka lililomo kwenye kitambulisho.

Nikasema kitambulisho sijui nimekiweka wapi.

Zuwena alisikia. Maneno yake siku hizi machache, yanatoka yamevunjika, lakini hili lilitoka zima. "Majaani," akasema. Akacheka mpaka Raya akamshika asiteleze.

Raya hakujua. Hapa Wete hakuna anayejua. Tulikotoka, Makoongwe, kabla yangu walikufa wawili wakiwa wachanga. Nilipozaliwa mie mama alinipeleka akaniweka jaani penye taka, jirani akaniokota akamrudishia, nikaitwa hivyo ili kifo kinione si kitu. Zuwena ndiye aliyebaki anayekumbuka.

Nimekitoa kitambulisho chini ya godoro. Nimempa Raya, ameandika. Herufi moja moja. Hakucheka.

Na huyo Seif alikuwa mwenzangu wa darasa. Akishika nafasi ya kwanza, mie ya mwisho. Alipohamia Unguja na wazazi wake, nikalichukua jina lake.